Mtaka cha Mvunguni: Sanduku Lililofichwa Kando ya Ziwa



Kwetu sisi, maneno "sanduku la barua" humkumbusha mtu ofisi ya posta: safu za vijisanduku vya chuma, ufunguo mdogo uliofungwa pamoja na funguo za nyumba, na zile herufi S.L.P. ambazo kila mmoja wetu amewahi kuziandika katika fomu. Sanduku tunalopenda kulizungumzia juma hili ni la namna nyingine. Halina ufunguo wala namba, na tarishi halijui. Ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lililofichwa chini ya gogo au katikati ya mawe, nalo hupatikana na yule tu aliyekubali kusoma maelekezo kwa makini, kutembea au kupiga kafi, na mwisho wa yote kuinama.

Tumejiuliza kama jambo hili ni mchezo wa watu wasio na kazi, ama kuna kitu ndani yake kinachostahili kutetewa. Baada ya kulitafuta sanduku moja sisi wenyewe, tumefikia maoni ambayo tungependa kuyaweka mbele yenu.

Kwanza, asili yake. Dartmoor ni nyanda za juu zenye mawe makubwa na ardhi ya kinamasi katika Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1854, James Perrott, mwongoza wageni wa Chagford, aliweka chupa mahali paitwapo Cranmere Pool, ndani kabisa ya nyanda hizo, ili wale waliovumilia safari waache humo kadi zenye majina yao. Baadaye ikawa desturi kuacha barua au kadi yenye anwani, na msafiri wa pili aliyefika aliichukua na kuipeleka posta. Hivyo ndivyo jina la sanduku la barua lilivyozaliwa. Mwaka 1938 sanduku jingine liliwekwa Ducks' Pool kwa kumkumbuka William Crossing, aliyeandika kitabu maarufu cha kuongoza watembeaji wa Dartmoor. Kwa miongo mingi masanduku yalikuwa machache mno. Leo yapo maelfu. Huko Marekani desturi hii ilienea baada ya mwezi Aprili 1998, gazeti la Smithsonian lilipochapisha makala juu yake.

Utaratibu wenyewe ni rahisi. Ndani ya kila sanduku mna muhuri na daftari. Mtafutaji naye hubeba muhuri wake na daftari lake. Akilipata sanduku, hugonga muhuri wa sanduku katika daftari lake, na muhuri wake katika daftari la sanduku, huandika tarehe na neno moja au mawili, kisha hurudisha kila kitu kama alivyokikuta. Hakuna zawadi, hakuna fedha. Wengi huchonga mihuri yao kwa mkono kutoka katika raba ya kufutia, wakatumia jina la utani badala ya jina lao halisi.

Jambo hili la muhuri lilitufikirisha. Kwetu muhuri ni mamlaka. Barua isiyo na muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa hairuhusu mtu kufungua hata akaunti ya benki, na wengi wetu tumepanga foleni asubuhi nzima kuungoja. Huku tukakuta watu ambao kila mmoja, hata mtoto wa miaka saba, anao muhuri wake aliouchonga mwenyewe, na hauna kazi nyingine ila kusema: nilifika hapa.

Sasa tuwasimulie safari yetu. Oktoba iliyopita tulikuwa wageni wa familia moja ya Kitanzania inayoishi katika jimbo la Connecticut, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Jimbo hilo limelichukulia jambo hili kwa uzito, hata idara inayosimamia misitu imeweka masanduku yake katika misitu ya umma na kuyatolea maelekezo. Sanduku letu halikuwa mojawapo ya hayo. Liliwekwa na mtu binafsi katika hifadhi iliyo kando ya ziwa. Jina la ziwa hatulitaji, na maelekezo tumeyabadilisha kidogo, kwa sababu anayetaja mahali pa sanduku amekula chakula cha mwenzake.

Maelekezo yalikuwa na njia mbili. Kwa maji: fuata ukingo wa mashariki hadi ghuba ndogo ya tatu, utue penye ufuko wa changarawe. Kwa miguu: fuata alama za buluu zilizopakwa kwenye miti hadi ukuta wa mawe uliobomoka, kisha hesabu hatua 120 kuelekea ziwani. Kutoka hapo njia ni moja: tafuta mwaloni wenye mashina mawili, simama kati yake, elekeza dira kwenye nyuzi 210, tembea hatua 15, na utazame chini ya mwamba unaofanana na mkate.

Tulikuwa watu sita. Vijana wawili walikodi kayaki, vyombo vile vyembamba ambavyo watu wa Aktiki walivibuni kwa ngozi ya sili iliyowambwa juu ya mbao au mifupa, na ambavyo siku hizi hutengenezwa kwa plastiki. Wanne tulichagua miguu. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja wa Mwanza aliyekuja kumtembelea bintiye, mtu aliyevua samaki katika Ziwa Victoria tangu ujana wake. Alikizunguka chombo kile mara mbili, akamwuliza mjukuu wake, "Mwanangu, huu ni mtumbwi au ni kiatu?"

Lakini Mzee huyo ndiye aliyekataa vijana wasiondoke ufukoni kabla ya kuvaa majaketi okozi. Kijana alipomwambia, "Babu, ziwa limetulia, na mimi najua kuogelea," alimjibu kwa sauti ya chini kwamba watu wa Mwanza hawahitaji kufundishwa juu ya ziwa lililotulia. Yeye alikuwapo ufukoni mwezi Mei 1996, siku zile za MV Bukoba. Hakusema zaidi, na kijana alivaa. Sheria ya Connecticut nayo ilikuwa upande wa Mzee: kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, kila aliye ndani ya chombo kinachoendeshwa kwa mikono ni lazima avae jaketi. Sababu ni baridi ya maji. Wataalamu hufundisha kanuni ya moja, kumi, moja: anayetumbukia katika maji baridi ana takribani dakika moja ya kuidhibiti pumzi yake, dakika kumi za kuweza kutumia mikono na miguu, na saa moja kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Kuogelea si jibu pale mikono inapokataa kutii.

Njiani Mzee alitoa hoja yake, na tunaiandika kwa heshima kwa kuwa ni hoja ya kweli. Alisema: "Wanangu, mimi nimepiga kasia miaka arobaini nikitafuta samaki. Nikikosa, watoto wanalala njaa. Leo mnanipitisha msituni kutafuta kopo lisilo na kitu. Huu ni mchezo wa walioshiba." Hakuna aliyemjibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jibu wakati ule.

Tulifika ukutani. Kuta hizo za mawe zimejaa katika misitu ya sehemu ile. Zilijengwa na wakulima waliokuwa wakitoa mawe mashambani, na mashamba yalipoachwa katika karne ya 19 na baada yake, msitu ulirudi ukazimeza. Kijana mrefu miongoni mwetu alihesabu hatua 120 akajikuta amesimama majini hadi kwenye vifundo vya miguu. Mzee alicheka, akauliza, "Hatua za nani?" Hakika hatukuwa tumeliwaza hilo. Hatua ni za yule aliyeficha, wala si za yule anayetafuta. Ni lazima kumkadiria mtu usiyemwona, urefu wake na mwendo wake. Tulirudi ukutani, akahesabu mama mmoja mfupi, na hatua zake zikaishia penye nyasi kavu karibu na ukingo.

Wakati huo wale wa kayaki walikuwa wamepotea. Waliharakisha, wakapita ghuba moja iliyojificha nyuma ya matete bila kuihesabu, na hivyo wakaenda mbali kuliko ilivyotakiwa. Waliporudi polepole wakiambaa ukingo, waliona kutoka majini kitu ambacho sisi wa nchi kavu tulikuwa tumezibwa na vichaka tusikione: mwaloni wenye mashina mawili, umeinama juu ya maji. Wakatupigia kelele. Tukakutana chini ya mti huo, wao na mikono iliyolowa, sisi na soksi zilizolowa.

Nyuzi 210, hatua 15, mwamba kama mkate. Tulipekua kwanza kwa kijiti, kwa kuwa misitu ile ina nyoka wenye sumu, ingawa ni nadra kuwaona. Kopo lilikuwepo. Lakini kifuniko hakikufungwa vizuri, mfuko wa nailoni ulikuwa umechanika, daftari limelowa, na muhuri haukuwemo. Mtu alikuwa ameuchukua.

Binti mdogo tuliyekuwa naye, aliyeuchonga muhuri wake wa samaki kwa siku mbili, alianza kulia. Sisi watu wazima tulikuwa na hasira isiyo na mahali pa kwenda. Mzee aliyesema kwamba huu ni mchezo wa walioshiba alikaa juu ya jiwe, akalifungua daftari kurasa moja baada ya nyingine, akazifuta kwa upindo wa shati lake na kuzipepea. Ilimchukua muda mrefu. Alisoma majina asiyoyajua. Kisha akaomba wino, na kwa kuwa hakuwa na muhuri, akatia dole gumba, kama watu wa rika lake walivyotia katika karatasi nyingi za maisha yao. Akamwambia yule binti, "Mjukuu wangu, aliyeiba ameiba mpira. Njia hakuiba. Gonga samaki wako." Naye akagonga.

Ndugu msomaji, hapo ndipo maoni yetu yalipoanzia, nayo ni haya.

Kwanza, hoja ya Mzee juu ya walioshiba ina nguvu pale tu ambapo sanduku limefichwa ili lipatikane na wenye vyombo peke yao. Kayaki ina gharama, kuikodi kuna gharama, na gari la kuibebea lina gharama. Lakini dira ya bei ndogo, penseli na kipande cha raba havimshindi mtu. Kwa hiyo tunaona kwamba anayeficha sanduku katika hifadhi ya umma afanye kama alivyofanya mwenye sanduku hili: atoe njia ya maji na njia ya miguu. Hatupingi masanduku ya visiwani, kwani kupiga kafi nako kuna utamu wake. Tunasema tu kwamba ziwa la wote liwe na walau sanduku moja ambalo mwenye viatu tu analifikia. Jimbo la Connecticut lilielewa jambo la jinsi hii pale ambapo, kuanzia mwaka 2018, magari yaliyosajiliwa jimboni yaliachiwa kuegesha bila kulipa ada katika hifadhi zake, gharama ikiingizwa katika usajili wa gari. Mlango uliofunguliwa namna hiyo usifungwe tena kwa fumbo la wenye vyombo.

Pili, wapo wanaosema kwamba watafutaji huharibu mazingira. Nao hawasemi uongo. Mtu asiyepata kitu haraka huanza kugeuza mawe, kuvunja magogo na kukanyaga kila mahali. Huko Dartmoor, ambako kuna mabaki mengi ya makazi na makaburi ya kale, watafutaji walijiwekea kanuni zinazokataza kuficha sanduku ndani ya mabaki hayo au katika kuta, na kutumia saruji. Kwenye maziwa kuna hatari nyingine. Mwaka 1988 waligunduliwa katika eneo la Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini kome wadogo wenye mistari kama ya pundamilia, waliotoka sehemu za Bahari Nyeusi na Kaspi, na tangu hapo wamesambaa katika maziwa mengi, wakisaidiwa na vyombo vinavyohamishwa na maji yaliyobaki ndani yake. Ndiyo maana mpiga kafi hutakiwa kukisafisha chombo, kumwaga maji yote na kukikausha kabla ya kwenda ziwa jingine. Sisi tulioona gugumaji likiziba ghuba za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, mmea uliotoka Amerika ya Kusini, hatuhitaji kushawishiwa kwamba kiumbe kidogo cha kigeni chaweza kumnyima mvuvi riziki. Kwa hiyo tunakubali lawama, lakini hatukubali hukumu ya kuondoa masanduku yote. Mtafutaji mzuri hujulikana kwa kuwa hakuna anayeweza kujua alipita. Anayeacha njia iliyokanyagwa hadi kwenye mwamba amemfumbulia fumbo mwenzake na ameijeruhi ardhi, yote mawili kwa mguu mmoja.

Tatu, yapo maswali ya simu. Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya setilaiti kwa raia, kosa la vifaa vya kawaida lilishuka kutoka takribani mita 100 hadi mita chache, na siku chache tu baadaye mtu mmoja katika jimbo la Oregon alificha ndoo msituni na kutangaza namba za mahali pake. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa kutafuta kwa setilaiti, ambao leo una wafuasi wengi kuliko masanduku ya barua. Hatuna ugomvi nao. Lakini namba humfikisha mtu bila kumlazimisha kutazama. Maneno yanamtaka atofautishe mwaloni na msonobari, ghuba na mkunjo wa ukingo, hatua yake na hatua ya mwingine. Laiti tungepewa namba, tusingemhitaji mama mfupi wala wale wa majini. Tungefika mapema, kila mtu akitazama kiganja chake.

Nne, na hili ndilo zito. Sanduku lisilo na kufuli huibwa. Je, liwekewe kufuli? Jibu letu ni hapana. Katika kisiwa cha Floreana, Galápagos, pamekuwa na pipa la barua tangu nyakati za wavua nyangumi, karne ya 18 ikielekea kwisha. Mabaharia waliacha barua zao humo, na waliokuwa wakirudi nyumbani walizichukua na kuzifikisha. Hata leo wageni huacha kadi zisizo na stempu, na wengine huchagua zile zenye anwani za karibu na kwao wakazipeleka kwa mkono. Pipa hilo halikudumu kwa sababu watu wote ni waaminifu. Limedumu kwa sababu waaminifu wametosha. Sanduku letu nalo lilikuwa na mwizi mmoja. Daftari lilikuwa na majina ya makumi ya watu ambao hawakuiba. Kufuli ingemzuia yule mmoja na kuwafukuza wale wote.

Lakini uaminifu una kazi zake. Anayekuta kifuniko kimelegea akifunge. Anayekuta daftari limelowa alikaushe. Anayekuta muhuri umepotea amwarifu mwenye sanduku badala ya kulalamika njiani. Anayeona wapita njia karibu asubiri wapite kwanza. Nasi tulibadilisha mfuko, tukafunga kopo, tukalirudisha chini ya mwamba, tukaacha majani kama yalivyokuwa. Jioni tulijikagua miili kutafuta kupe, kwani ugonjwa wa Lyme umepewa jina la mji wa jimbo hilohilo, na tuliwakuta wawili. Kisha tulimwandikia mwenye sanduku kupitia tovuti ilikochapishwa fumbo lake. Baada ya siku nne alitujibu kwa maneno machache: anashukuru, atachonga muhuri mwingine, na alikuwa na swali moja. Alitaka kujua lile dole gumba ni la nani, kwa maana alikuwa amelikagua daftari, na katika miaka yote hakuwahi kuona muhuri usioweza kuigwa na mtu mwingine.

Tulimsomea Mzee ujumbe huo kwa simu, kwani alikuwa amekwisha kurudi Mwanza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kifuniko bado kinabana.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe msomaji unayeishi karibu na ziwa, popote pale, jaribu kuficha kopo moja kwa ruhusa ya wenye eneo, uandike maelekezo yanayoweza kufuatwa na mwenye mtumbwi na mwenye miguu, kisha ungoje uone ni nani atakayeinama. Ukilikuta limelowa, usikasirike upesi. Kaa juu ya jiwe, ulikaushe.

Tukutane tena juma lijalo.